Alama Ndogo za LSAT na Maneno Madogo

Ndugu msomaji unayejifunza Kiswahili,

Miongoni mwenu wamo wanaosoma lugha hii katika vyuo vikuu vya Marekani huku wakinuia kusomea sheria baada ya shahada ya kwanza. Mlango wanaouendea una bawabu wake: mtihani uitwao LSAT, ambao vyuo vya sheria vya Marekani vimeutumia kuwachuja waombaji tangu 1948, na vya Kanada navyo huutumia. Alama zake huanzia 120 na kuishia 180. Mtahiniwa wa katikati hupata zaidi ya 150 kidogo, ilhali wengi wa wanaopokelewa katika vyuo kama Harvard na Yale wamepita 170. Basi aliyepata 144 hujiona amefungiwa nje, na hapo ndipo haraka inapomwingia. Hujiandikisha upya kwa tarehe iliyo karibu, hununua vitabu vitatu, hufanya mtihani wa mazoezi kila siku. Mimi nashikilia kwamba ni haraka hiyo hiyo inayomrudisha kwenye 144.

Tazama kwanza kinachopimwa. LSAT haimuulizi mtu kifungu chochote cha sheria. Ina sehemu nne, kila moja ya dakika 35. Mbili huchambua hoja fupi fupi, moja hupima ufahamu wa vifungu virefu, na ya nne hufanana na mojawapo ya hizo lakini haihesabiwi, wala mtahiniwa haambiwi ni ipi. Yale mafumbo ya kupanga watu, siku na viti, yaliyowatisha wengi kwa miaka mingi, yaliondolewa Agosti 2024, baada ya mtahiniwa asiyeona kwenda mahakamani akidai kuwa mtu asiyeweza kuchora michoro alionewa nayo. (Kwa hiyo kitabu cha mitumba kilichojaa mafumbo hayo kiache dukani, hata ukipewa bure.)

Kilichobaki ni kusoma, na hasa kusoma maneno madogo. Hapa wewe uliyehangaika na viambishi vya Kiswahili una mazoezi ambayo wenzako hawana. Linganisha sentensi hizi mbili:

Kila aliyelipa ada atapewa kitambulisho.

Aliyelipa ada tu ndiye atakayepewa kitambulisho.

Ya kwanza inawaahidi waliolipa, wala haisemi neno juu ya wasiolipa. Huenda wazee wakapewa bure. Ya pili inawafungia nje wasiolipa, lakini haiwaahidi waliolipa chochote. Huenda picha na cheti cha kuzaliwa navyo vinatakiwa. Sasa ukiambiwa kwamba Asha amepewa kitambulisho, ni kwa sentensi ipi unaweza kusema bila shaka kwamba alilipa ada? Ni kwa ya pili peke yake. Ukiijibu kwa ya kwanza umeigeuza ahadi kuwa sharti, na maswali mengi ya LSAT yametegwa papo hapo. Anayenaswa si mjinga. Amesoma kama sote tunavyosoma gazeti, akichukua maana ya jumla na kuendelea na safari.

Mwanasheria haruhusiwi kusoma hivyo. Katiba ya majirani zetu Wakenya, ya mwaka 2010, inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ililazimika kujibu kama kura zilizoharibika zimo katika hizo “zote zilizopigwa”. Ikaamua kwamba hazimo. Katika uchaguzi ambao mshindi alitangazwa kuwa na asilimia 50.07, neno “zote” lilikuwa na uzito wake, na raia yeyote alikuwa na haki ya kujua linabeba nini.

Ufanyeje basi? Chukua mtihani mmoja wa zamani uufanye kwa saa, kama siku yenyewe. Kila swali linalokutia shaka liwekee alama pembeni. Ukimaliza, usifungue majibu. Pumzika, kisha yarudie yale uliyoyatilia shaka, safari hii bila saa, hata kama swali moja litakula dakika kumi. Ndipo usahihishe mara mbili: majibu ya kwanza na majibu ya pili. Utapata alama mbili, na tofauti yao itakuambia ugonjwa wako. Ikiwa ya kwanza ni 146 na ya pili ni 160, unaelewa lakini hujawa mwepesi, na wepesi huja kwa mazoezi ya saa. Ikiwa zote mbili zinakaribiana, basi kuelewa kwenyewe bado, na kukimbizana na dakika ni kujichosha. Saa iweke kabatini kwa wiki kadhaa.

Kisha fungua daftari la makosa. Kwa kila swali ulilokosa andika jibu baya lilikuvutia kwa neno gani, na jibu sahihi lina nini ambacho hukukiona. Usiandike “sikuwa makini”. Maneno hayo hayafundishi kitu. Nami nakuomba uandike maelezo hayo kwa Kiswahili. Katika lugha yako ya kwanza unaweza kujidanganya kwamba umeelewa hoja, kwa sababu maneno huja yenyewe. Katika lugha unayojifunza, itakubidi uchague kati ya ikiwa na iwapo tu, kati ya huenda na lazima, kati ya baadhi na wengi, na kila uchaguzi utakuuliza kama kweli unajua mwandishi alisema nini.

Kurudia mtihani si aibu. Vyuo huona alama zako zote za miaka mitano iliyopita, lakini vingi huipa uzito ile ya juu kabisa, maana ndiyo vinayoitolea taarifa. Hata hivyo nafasi zina kikomo: mara tano katika kipindi hicho cha miaka mitano, mara saba maishani. Jiandikishe pale mitihani yako mitatu au minne ya mazoezi, mfululizo, imefika unapotaka, wala si pale hasira inapokutuma. Na siku yenyewe usiache swali wazi, kwani jibu baya halipunguzi alama.

Kozi za gharama kubwa sizipigii debe. Mara nyingi fedha hiyo hununua ratiba na wenzi wa kusoma, vitu ambavyo wanafunzi watatu wenye daftari wanaweza kujipatia wenyewe. Baraza linaloendesha mtihani huu hutoa mitihani kamili kadhaa ya zamani bila malipo kwenye mtandao wake, na lina utaratibu wa kumsamehe ada mwombaji asiye na uwezo. Msamaha huo uombe mapema, kabla hujalipa chochote.