Mgonjwa Anauliziwa kwa Mama Yake



Wako wenzetu wanaodhani kwamba sinema ni ya kupotezea wakati na kwamba gazeti la sendika halina kazi nayo. Mimi nasema iko filamu moja ambayo kila mwenye kuuza nguvu zake kiwandani au shambani anafaa kuitazama pamoja na jamaa yake. Jina lake ni Supa Modo. Ni filamu ya Kenya, mwongozaji wake ni Likarion Wainaina, na ilionyeshwa kwanza mwaka 2018 katika tamasha la Berlin, Ujerumani. Haikutoka kwa matajiri wa sinema wa Marekani. Ilizaliwa katika mafunzo ya One Fine Day Films na Ginger Ink ya Nairobi, ambako vijana wa Kiafrika hufundishwa kushika kamera, kupanga taa na kunasa sauti. Ujerumani ilisaidia, wala hilo tusilifiche. Lakini wanaoonekana ni watu wa kijijini kama sisi, na Kiswahili chao tunakisikia.

Kisa chenyewe ni hiki. Jo ni mtoto wa kike wa miaka 9 mwenye ugonjwa usiopona. Anatolewa hospitalini na kurudishwa kijijini Maweni amalizie siku zake nyumbani. Anapenda mno sinema za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama yake, ambaye ni mkunga, anataka mtoto apumzike ndani. Dada yake, Mwix, anaona kwamba kulala kitandani kungoja kifo si kuishi. Wanabishana sana, na mwishowe kijiji kizima kinaingia katika kazi ya kumtengenezea Jo sinema ambayo shujaa wake ni yeye mwenyewe.

Wapo watakaosema huko ni kumdanganya mtoto. Sikubaliani nao. Anayemdanganya mgonjwa ni yule anayemtendea kama mtu aliyekwisha kuondoka. Tazameni desturi yetu: tukiingia nyumba yenye mgonjwa tunamwuliza mama yake, "Anaendeleaje?" na mgonjwa yuko palepale, anasikia, ana mdomo wa kujibu. Kiwandani ni vilevile. Mwenzetu akipooza mkono au akipoteza macho, habari zake tunazipata kwa ndugu zake, na baada ya miezi michache hata hizo hatuziulizi tena. Huko Maweni walimwuliza Jo mwenyewe anataka nini.

Lakini mimi, kama mtu wa sendika, nilimtazama zaidi yule mama. Nikajiuliza: angekuwa mchuma chai wa Teza au Rwegura, anayelipwa kwa kilo, ingekuwaje? Mtoto hawezi kubaki peke yake, na siku usiyochuma ni siku isiyo na mshahara. Tangu mwaka 2006 serikali ya Burundi ilifanya matibabu ya watoto wasiozidi miaka mitano yawe bure, pamoja na uzazi, na jambo hilo limeokoa wengi. Jo ana miaka 9. Watumishi wa serikali wana mutualite yao tangu mwaka 1980. INSS, ambayo sisi wa viwandani tunakatwa mshahara kwa ajili yake, kazi yake ni pensheni na ajali na magonjwa yatokanayo na kazi; mtoto wako akiugua mwaka mzima, mlango huo si wake.

Sheria kwa upande wa walemavu haikosekani. Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao mwaka 2014, na ikatunga sheria yake tarehe 10 Januari 2018. Lakini ni makapita wangapi wamepata kuisoma?

Jambo lililowezesha kazi ya Maweni halikuwa fedha. Wanakijiji walitoa wakati wao. Na wakati ndicho kitu tulichokwisha kukiuza sisi. Zamani, na hata sasa kule milimani, mgonjwa akizidiwa majirani hushika ingobyi wakampokezana mabegani mpaka hospitali. Mtu wa Gasenyi anayeteremka alfajiri na kurudi usiku, atashika ingobyi saa ngapi? Kwa hiyo nasema viongozi wetu, wanapokaa mezani na waajiri kuandika mkataba wa pamoja, wasidai nyongeza ya mshahara tu. Wadai siku za kumwuguza mtu wa nyumbani mwenye ugonjwa mrefu bila kukatwa mshahara, na ruhusa ya kubadilishana zamu bila kuandikwa utoro. Mwajiri atasema ni gharama. Ni gharama kweli, na leo anayeilipa yote ni mama peke yake.

Kwa wakati huu napendekeza tuionyeshe filamu hii hapa Gasenyi, Jumapili moja alasiri. Haifiki saa moja na nusu. Tunahitaji mashine ya kuonyeshea, shuka jeupe, chumba chenye kiza na mabenchi. Kila tawi liorodheshe wagonjwa na walemavu wa mtaa wake wanaopenda kuja, wao wenyewe waulizwe, na wanaume wanne wapangwe kwa kila asiyeweza kutembea. Mabenchi ya mbele yawe yao.