Risala ya Walimu wa Voliboli wa Kisii na Nyamira

Kwa wakurugenzi wa elimu na mawaziri wa michezo wa kaunti za Kisii na Nyamira

Waheshimiwa,

Timu yetu ya taifa ya voliboli ya wanawake, Malkia Strikers, imefuzu kwa Olimpiki za 2000, 2004, 2020 na 2024. Wasichana wetu wa Borabu na Bomachoge wanatamani kufika huko, lakini tunawapanga kwenye timu kabla ya kuwafundisha mchezo.

Malalamiko yetu

1. Mazoezi huanza mashindano yakikaribia. Timu ikishatolewa, mpira unafungiwa stoo hadi mwaka ujao.

2. Shule nyingi zina mpira mmoja au miwili. Wanafunzi wanapanga foleni. Mmoja anapokea, anarudi nyuma, anangoja. Jua linatua akiwa ameugusa mara chache mno.

3. Wavu unafungwa mita 2.43 kwa wavulana na 2.24 kwa wasichana, vipimo vya watu wazima. Mtoto wa Gredi ya 7 anaruka kwa nguvu zake zote, mpira unagonga wavu, naye anaondoka akiamini hana kipaji.

4. Anayekosea kusevu anapigishwa pushapu. Kesho yake anausukuma mpira kwa woga, na kosa linabaki vilevile.

5. Viwanja vingi viko kwenye mteremko, na mvua zetu huvigeuza tope.

Madai yetu

1. Mazoezi yafanywe mwaka mzima, kwa vikundi vya watatu kwa watatu kwenye viwanja vidogo, ili kila mtoto apokee, ainue na apige mara nyingi. Kosa lirekebishwe papo hapo: miguu ilisimama wapi, mikono ilikutana vipi, macho yalitazama nini.

2. Wavu ushushwe katika mashindano ya Gredi ya 7 hadi 9.

3. Kipindi cha elimu ya viungo kiheshimiwe, kisigeuzwe cha hisabati. Mtaala mpya una mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Hautakuwa na maana ikiwa watoto wataufikia bila msingi.

4. Walimu wapewe semina kila likizo, kwa ushirikiano na Shirikisho la Voliboli la Kenya, na adhabu za kimwili zipigwe marufuku mazoezini.

5. Kaunti zisawazishe angalau kiwanja kimoja katika kila wadi na kuzipa shule mipira ya kutosha. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti vifaa na viwanja vya michezo.

Waheshimiwa, mengi ya haya hayahitaji fedha nyingi. Kushusha wavu na kugawa vikundi kunahitaji agizo tu, na agizo hilo mnaweza kulitoa wiki hii. Kuhusu viwanja, mipira na semina, tunaomba jibu la maandishi na kikao nasi kabla ya muhula kufungwa.

Ni sisi,
Walimu wa voliboli, Kisii na Nyamira