MAJI YA MLIMA HAYAJUI MPAKA

Ndugu wanaushirika,

Siku hizi kuna maneno yanapita vilabuni na mashambani: "Kwa nini tujisumbue kutunza msitu wa juu, wakati maji yanateremkia Ziwa Jipe, na upande mmoja wa ziwa ni wa Kenya? Tulime tu." Maneno haya yanataka jibu, nasi tunayajibu hapa ukutani ili kila mtu asome.

Kwanza tuitazame hii milima yetu ya Upare Kaskazini. Si mikubwa. Kilele cha Kindoroko kina mita 2,113 tu, na ziwa liko chini, kama mita 700 kutoka usawa wa bahari. Lakini mawingu yanagota kule juu, msitu unayashika, chemchemi zinatoka. Tambarare za chini ni kavu, si tunaona wenyewe? Basi mlima ndio tangi letu. Kahawa, migomba, na ndiva walizotuachia wazee, vyote vinategemea hapo. Anayefyeka msitu anatoboa tangi, na wa kwanza kukosa maji ni yeye, si Mkenya.

Pili, mpaka. Huo walikubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, mlima haukuulizwa. Mto Lumi unatoka Kilimanjaro, unapita Taveta nchini Kenya, unaingia Jipe. Kutoka Jipe maji yanarudi kwetu kwa mto Ruvu mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu. Sasa hayo ni maji ya nani? Na wenzetu wa ng'ambo nao wakisema "tulime tu", wavuvi wa bwawani watapata nini? Jamani, tufikiri.

Kinachopotea bure ni udongo. Mvua ikipiga shamba la mteremko lisilo na matuta, rutuba inaondoka, inakwenda kujaza ziwa. Matete yanaota, mtumbwi haupiti. Huku tumekosa mavuno, kule wamekosa samaki.

Kwa hiyo sisi tunasema: mtu asilime ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeweka kipimo hicho. Mwenye shamba la mteremko achimbe matuta. Na Jumamosi wote tutoke kwenye msaragambo, tuondoe tope kwenye ndiva. Asiyetoka asije kuulizia zamu ya maji.

Ushirika udumu!

Katibu wa Chama, Tawi