Mashtaka Dhidi ya Debian Hayasimami

Mashtaka mnayajua. Hurudiwa kila kikao cha idara ya TEHAMA kinapofika kwenye bajeti: Debian, mfumo endeshi wa kompyuta, inatengenezwa na watu wanaojitolea, na kazi ya kujitolea haiwezi kubeba benki, hospitali wala mtambo wa simu. Nimewasikiliza kwa makini wanaosema hivyo, na baadhi yao wanaijua kazi yao. Hoja zao ndizo zenye matatizo. Nitaziweka moja moja mbele yenu kwa nguvu zake zote, na hukumu ni yenu.

Shtaka linalopendwa kuliko yote ni kwamba hakuna wa kumwajibisha. Kampuni ina mkataba, ina namba ya simu, ina jina la kuandika kwenye hati ya mahakama. Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock Agosti 1993, haina mwenye mali. Hilo la mwisho ni kweli tupu. Sasa fungua mkataba wa programu ya kununua na usome kifungu cha dhima: mara nyingi fidia haizidi ulicholipa, na hasara ya biashara yako haimo. Kisha watazame waliotegemea CentOS, mfumo endeshi mwingine. Nyuma yake ilikuwepo Red Hat, kampuni yenye jina na ofisi. CentOS 8 ilitarajiwa kutunzwa hadi 2029. Tarehe 8 Desemba 2020 likatoka tangazo kwamba itakoma mwishoni mwa 2021. Najua jibu lao: CentOS ilikuwa ya bure, kwa hiyo hapakuwa na ahadi iliyovunjwa. Sawa. Lakini jina la kampuni limeletwa hapa kama dhamana; kwa watu hao lilidhamini nini? Debian haina bodi ya wakurugenzi inayoweza kuamka na hesabu mpya. Na anayetaka mkataba na mtu wa kumpigia usiku wa manane, wapo mafundi wanaouza huduma hiyo. Hakuna anayewazuia.

Wanadai pia kwamba mtu yeyote anaweza kuingiza chochote. Haya ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kujaribu. Kazi ya mgeni hupitia kwa mdhamini anayeikagua kabla haijaingia. Anayetaka kuwa mwanachama kamili lazima ufunguo wake wa kidijitali uwe umetiwa saini na wanachama waliothibitisha kuwa ni yeye, ajibu maswali kuhusu kanuni na taratibu, na aonyeshe kazi aliyokwisha kuifanya. Kila kifurushi kinachopokelewa kina saini ya mtu anayejulikana. Hapo ndipo wapinzani wanapojikanyaga, kwa sababu haohao, kabla kikao hakijaisha, hulalamika kwamba Debian ina urasimu unaowafukuza vijana. Kama ni holela, urasimu unatoka wapi? Wachague shtaka moja, nasi tutalijibu.

Ushahidi wao bora ni wa 2008, na sitaukwepa. Septemba 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL, programu ya usimbaji, aliondoa mistari ya msimbo iliyokuwa ikilalamikiwa na chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu. Kumbe mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikiilisha sehemu inayozalisha namba za kubahatisha. Kilichobaki cha kubahatishia ni namba ya mchakato, ambayo kwa kawaida haikuzidi 32,768. Maana yake, kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu, funguo za siri zilizotengenezwa kwenye Debian na kwenye Ubuntu, ambayo imejengwa juu yake, zingeweza kuorodheshwa na kujaribiwa moja baada ya nyingine hadi mlango ufunguke. Ilikuwa fedheha. Wale wa upande wetu wanaosema macho mengi huona kila kosa walishindwa kesi siku hiyo, na heri wakubali.

Lakini fuateni ushahidi hadi mwisho wake. Aliyeligundua kosa, Luciano Bello, alikuwa mwanachama wa Debian. Tarehe 13 Mei 2008 mradi wenyewe ulitangaza kila kitu: kosa lilivyoingia, nani ameathirika, na namna ya kukagua funguo dhaifu na kuzitupa. Haikuwa hisani ya siku moja. Mkataba wa kijamii ambao Debian iliupitisha 1997 unawafunga wasifiche matatizo, na kumbukumbu zao za hitilafu, ambazo namba yake imeshapita 1,000,000, ziko wazi kwa yeyote. Wapinzani huisoma namba hiyo kama ushahidi wa ubovu. Basi watuletee daftari la hitilafu la mfumo wanaoupenda wao, tulilinganishe. Hawaleti, kwa kuwa wao wenyewe hawajaruhusiwa kuliona.

Machi 2024 walipata silaha mpya. Katika xz, programu ndogo ya kubana mafaili, mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amemsaidia mtunzaji aliyechoka kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, kisha akapandikiza mlango wa nyuma. Hoja yao inasema: huo ndio udhaifu wa kazi ya kujitolea, mtu mmoja mchovu na mgeni mkarimu. Nusu ya hoja hii naikubali bila kubishana. Uchovu ule ulikuwa halisi, na makampuni yaliyojengea juu ya kazi ya mtunzaji yule hayakuwa yamemuuliza hali.

Nusu ya pili haisimami. Msimbo wenye sumu ulifika kwenye matawi ya Debian ya majaribio, ambayo kazi yake ni kupokea kipya kabla hakijaaminiwa. Toleo thabiti, Debian 12, lilikuwa bado na xz 5.4.1, na sumu ilikuwa ndani ya 5.6.0 na 5.6.1. Andres Freund, mtaalamu wa PostgreSQL, aliona kwamba kuingia kwa ssh kwenye mashine yake ya Debian ya majaribio kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Akachimba, na tarehe 29 Machi akatangaza. Freund ameajiriwa na Microsoft, na wapinzani hawachoki kutukumbusha. Sawa, lakini alichimba ndani ya msimbo ambao hakuhitaji kibali cha mtu kuusoma. Bahati ilikuwepo pia. Asingeona, toleo thabiti lililofuata lingeweza kuibeba sumu ile. Ila ukumbukeni wimbo mwingine wa watu hawahawa: Debian inatoa programu za zamani. Ukawaida huo wa kungoja, wanaoucheka, ndio uliowaacha nje ya balaa waliokuwa kwenye toleo thabiti.

Kuhusu mashtaka ya ugomvi na ucheleweshaji sina mengi. Kati ya Julai 2002 na Juni 2005 hapakutoka toleo jipya, na ilistahili kulaumiwa. Tangu hapo wamejirekebisha: 2019, 2021, 2023, 2025. Mwaka 2014 waligombana hadharani juu ya systemd, programu inayoanzisha mfumo na huduma zake, wakapiga kura, na walioshindwa wakachukua msimbo uleule wakaanzisha mfumo wao, Devuan. Mteja wa kampuni asiyependa uamuzi wa kampuni hana njia ya namna hiyo.

Linabaki shtaka la wajanja, kwamba kujitolea kwenyewe ni hadithi, wengi wameajiriwa, hivyo kuwashukuru ni porojo. Ni kweli wengi wana waajiri, na ni kweli matunzo ya muda mrefu ya matoleo ya zamani hulipiwa na makampuni kupitia kampuni ya Freexian. Lakini kura Debian ni ya mtu, haina nafasi ya kampuni, na katiba yao ya 1998 inasema haimlazimishi yeyote kufanya kazi. Fedha iliwahi kujaribiwa: 2006, kupitia mpango wa Dunc-Tank, wasimamizi wawili wa toleo walilipwa ili Debian 4.0 itoke tarehe 4 Desemba. Baadhi ya wenzao walikasirika wakapunguza kasi, nalo likatoka tarehe 8 Aprili 2007. Jaribio moja halithibitishi kanuni, ila linatosha kumnyamazisha anayedai kwamba mshahara ndio unaoisimamisha Debian. Debian 13 ina vifurushi 69,830. Wafadhili wanajali vichache. Fonti za maandishi adimu na michezo ya watoto hutunzwa na mtu baada ya saa za kazi, kwa sababu ameamua.

Na kama shukrani ni porojo, waliojenga mfumo huu hawakuambiwa. Reportbug, programu yao ya kutuma malalamiko, ina swichi iitwayo --kudos. Iandike pamoja na jina la kifurushi, na ujumbe wako utamfikia mtunzaji bila hitilafu yoyote kufunguliwa.