Ukiambiwa uandike kuhusu watu wa kwenu

Juma hili tuna barua ya binti wa shule ya sekondari anayetoka Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyatike katika Kaunti ya Migori. Jina lake tumelihifadhi. Mwalimu wake wa Kiswahili amewapa wanafunzi kazi ya likizo: kila mmoja atunge kisa kuhusu watu anaowajua, kwa maneno yasiyopungua 400. Binti huyu anasema ameanza mara mbili, na mara zote mbili amerarua karatasi.

Kwanza aliandika kuhusu mamake, ambaye hushinda ameinama juu ya karai akiosha mchanga wa mawe yaliyosagwa ili apate chembe za dhahabu. Alipoisoma insha hiyo aliona amemfanya mama kuwa mtu wa kuhurumiwa tu, ilhali mamake si mtu wa hivyo. Kisha akaandika kuhusu mjombake, ambaye siku moja alibahatika shimoni akapata pesa nyingi, na kabla ya mwezi kwisha zote zikaishia katika ulevi.

"Kisa cha mjomba ndicho kizuri," anaandika, "lakini yeye ndiye anayenilipia karo, na bintiye tuko naye darasa moja. Insha nzuri husomwa mbele ya darasa. Je, niandike uongo au ninyamaze?"

Binti yetu, usinyamaze. Na kubuni si kusema uongo. Mwongo hutaka aaminiwe ili apate faida fulani. Mtunzi naye humwambia msomaji tangu mwanzo kuwa hiki ni kisa. Mwalimu hakukutuma uende kutoa ushahidi mahakamani, wala hakukutuma ulete umbeya wa kijiji. Amekuomba uyatazame maisha unayoyajua, kisha utunge.

Wako waliotangulia kuipita njia hiyo, na hawakutoka mbali nawe. Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka wa 1930, alikua akisikiliza hadithi za nyanyake, na riwaya yake ya kwanza ikatoka mwaka wa 1966. Margaret Ogola, daktari wa watoto, alisimuliwa na mamake habari za wanawake wa ukoo wao waliotangulia. Kutokana na masimulizi hayo akatunga The River and the Source, riwaya iliyotoka mwaka wa 1994, ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka wa 1995, na ikasomwa na wanafunzi wengi wa sekondari nchini.

Hata wazee wa kwenu wanaijua kazi hii. Karibu na Kendu Bay, Kaunti ya Homa Bay, kuna ziwa Simbi Nyaima. Husimuliwa kuwa hapo palikuwa na kijiji kilichomfukuza bibi kizee mwenye njaa wakati wa karamu, kikazama chote usiku ule. Wanaosimulia hawaanzi kwa kutaja ni mzee gani aliyemfukuza wala wajukuu wake wanaishi wapi. Hata hivyo, kila mchoyo anayesikiliza hujikuna kichwa.

Sasa tuje kwa mjomba. Kubadilisha jina peke yake hakutoshi. Ukimwita Juma, lakini umwachie kofia yake, mwendo wake na shimo lake lile lile, darasa zima litamjua kabla hujamaliza aya ya kwanza. Mhamishe. Mtoe machimboni umpeleke ziwani awe mvuvi ambaye usiku mmoja nyavu zake zilijaa mbuta. Mwongezee umri. Mpe watoto wa kiume badala ya binti. Changanya tabia zake na za watu wengine wawili unaowajua, hata wewe mwenyewe usiweze kusema huyu ni nani.

Bakisha lile lililokufanya ushike kalamu. Nyumba inakuwaje pesa zinapoingia kwa ghafla? Nani anacheka, nani ananyamaza, nani anahesabu hatua za baba anaporudi usiku? Hayo hayana mwenyewe. Yako Osiri, yako Mombasa, yako Bukoba.

Tena usimtungie mlevi mtupu. Mtu huyo huyo aliyemaliza pesa zake kwa pombe ndiye anayekulipia karo. Yaweke yote mawili katika kisa kimoja. Utakuwa umemtendea haki, na insha yenyewe itapata uzito, kwa kuwa msomaji hatajua amchukie au ampende.

Kuhusu mama, umerarua mapema mno. Rudi ukakae naye anapofanya kazi. Tazama mikono yake inavyozungusha karai. Sikiliza anavyowatania wenzake na anavyobishana na mnunuzi kuhusu bei. Muulize alipokuwa na umri wako alitaka kuwa nani. Ukiandika anavyotenda na anavyosema, huruma itajileta yenyewe, na heshima itakuja nayo.

Lakini wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Wewe ndiwe kata ya nyumba yenu. Ugonjwa wa mtu, mimba ya jirani, au jambo uliloambiwa kwa kunong'onezwa si mali yako ya kugawa, hata ungepewa alama zote 20. Na iwapo siri yenyewe ni mtoto anayepigwa au kunajisiwa, usiifiche ndani ya insha ukingoja mwalimu aigundue. Mweleze waziwazi mtu mzima unayemwamini, au piga simu nambari 116, ya kuwasaidia watoto nchini Kenya, ambayo hailipishwi.

Nanyi wazazi, mkilikuta daftari la mtoto limefunguliwa, msikimbilie kumwuliza kwa nini anawaanika. Mtoto anayejaribu kuwaelewa watu wa kwao anafanya kazi ya akili na ya moyo. Mwulizeni ametunga nini, mumsikilize hadi mwisho.

Walimu nao, kabla ya kusoma insha ya mwanafunzi mbele ya darasa, mwiteni kando mumwombe ruhusa. Akikataa, iacheni. Mkimwaibisha mara moja, muhula mzima atawaandikia kuhusu safari ya mbuga za wanyama ambazo hajawahi kuziona.

Binti wa Osiri, chukua karatasi nyingine. Ukimaliza, jiulize swali moja tu: je, mjomba akisikia kisa hiki kikisomwa, ataona ametukanwa, au atanyamaza kidogo akifikiri? Ukiona ni hilo la pili, mpelekee mwalimu bila hofu.