Maneno ya Ofisi ya Msaada na Mizani Yake



Darsa letu la maneno mwezi huu latoka kidogo katika desturi yake. Tumezoea kuyachukua maneno ya vitabuni na kuwafasiria vijana. Safari hii tumeyachukua maneno ya ofisini, tena ya nchi ya mbali, nayo ni Marekani. Sababu yake ni kuwa huko wako jamaa zetu wasemao Kiswahili. Wako waliotoka pwani yetu kwa masomo na kazi. Wako Wakongo waliokimbia vita. Na wako Wasomali wenye asili ya Kizigua, ambao walianza kupelekwa huko mwaka 2003 kutoka kambi za wakimbizi za Kenya. Wengi katika hao walifika na watoto wadogo, hawana kazi, na Kiingereza chao ni haba, wakaandikishwa katika msaada wa serikali.

Waliosoma chuoni petu, ambao leo wanalea watoto wao huko, hutuandikia. Barua zao haziombi fedha. Zauliza maana ya maneno. Mtu huitwa ofisini, hupewa karatasi, hutia sahihi, kisha hurudi nyumbani asijue ameahidi nini. Nasi tumeona kuwa jambo hili lawahusu wale walioko huko na sisi tulioko hapa pia, kwani wako wengi wanaodhani kuwa ndugu zao Marekani hulipwa na serikali kwa kukaa bure.

Yapasa kwanza tujue asili yake. Mwaka 1935 serikali ya Marekani ilitunga sheria ya kuwasaidia watoto waliokosa mtu wa kuwachumia, ili mama apate kukaa nyumbani na kuwalea. Msaada huo ukakua miaka hata miaka, na ilipofika mwaka 1994 familia zipatazo milioni 5 zilikuwa zikiupokea. Yakazuka manung'uniko kuwa msaada wawazoeza watu kutofanya kazi. Basi tarehe 22 Agosti 1996 Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria mpya, na msaada ule wa zamani ukafutwa. Mahali pake ukawekwa mwingine uitwao TANF, maana yake Msaada wa Muda kwa Familia zenye Shida. Kila jimbo lauendesha kwa taratibu zake, na mengine yameupa majina yake yenyewe: California wauita CalWORKs, Wisconsin wauita Wisconsin Works, na Ohio wauita Ohio Works First. Tazameni vizuri majina hayo matatu. Neno la Kiingereza la kazi limo ndani ya kila moja. Hapo ndipo penye ufunguo wa darsa letu.

Neno la kwanza ni FUNGU. Serikali kuu huyapa majimbo yote fungu moja la fedha, kiasi cha dola bilioni 16.5 kwa mwaka. Fungu hili halipandi bei za vitu zipandapo, wala haliongezeki masikini waongezekapo. Tena jimbo lina ruhusa ya kulitumia kwa mambo mengi mengine mbali na kuwapa watu fedha mkononi. Ndiyo sababu malipo hayalingani baina ya jimbo na jimbo. Katika Mississippi, familia ya watu watatu haikupata zaidi ya dola 170 kwa mwezi mpaka mwaka 2021, ndipo kiwango kilipofanywa dola 260. Mwenye kujua kodi ya nyumba ya Marekani atajua kuwa fedha hizo si za kustarehea.

Neno la pili ni MUDA. Sisi tukisema jambo ni la muda, twakusudia kuwa litakwisha wakati wake utakapofika, wala hatushiki hesabu. Huko muda una hesabu yake: mtu mzima hawezi kulipwa kwa fedha ya serikali kuu zaidi ya miezi 60 katika umri wake wote, na jimbo laweza kuweka pungufu ya hapo. Miezi hiyo si lazima ifuatane. Mtu akipokea mwaka mmoja Ohio, akahamia Maine akapokea miwili, amekwisha kutumia miezi 36. Jimbo lina ruhusa ya kuwaongezea wenye dhiki kubwa, illa wasizidi watu 20 katika kila 100. Lakini bibi aleaye wajukuu, naye mwenyewe hamo katika msaada, miezi hiyo haimhesabiwi. Basi kila mzazi na aulize ofisini: nimetumia mingapi, nimebakiwa na mingapi? Yampasa aulize mapema, maana swali hili likiulizwa mwezi wa 59 halina faida.

Neno la tatu ni MPANGO WA WAJIBU. Hii ndiyo ile karatasi ya sahihi. Karani humwuliza mtu elimu yake, kazi alizozifanya, na mambo yanayomzuia kufanya kazi. Kisha huandikwa yale mtu atakayoyafanya. Hapa ndipo wengi wa jamaa zetu wanapoumia. Huulizwa kama wana kizuizi, nao kwa haya au kwa adabu hujibu kuwa wao ni wazima, hawana neno. Mama anaumwa mgongo, halali usiku kwa kukumbuka vita, na mtoto wake ana maradhi. Haya yote huyanyamazia, kwani amelelewa kutoanika shida zake mbele ya mgeni. Huo ni uzuri wa malezi, bali ofisini humdhuru. Lisiloandikwa siku hiyo ni vigumu kusadikiwa baadaye. Kusema kweli juu ya hali yako unapoulizwa na mwenye haki ya kuuliza hakuhesabiwi kuwa ni kulalamika.

Neno la nne ni KAZI, nalo ndilo lenye kupotosha kuliko yote. Nyumbani mwetu, mwanamke apikaye, afuaye, aleaye watoto wanne na kumwuguza mkwewe, hapana atakayesema kuwa hana kazi. Katika mizani ya ofisi, yote hayo uzito wake ni sifuri. Kazi huko ni shughuli zilizotajwa katika sheria, nazo ni 12. Zimo kazi ya mshahara, kazi ambayo serikali humsaidia tajiri kulipa mshahara wake, kazi ya kujizoeza, utumishi wa jamii, kutafuta kazi, na mafunzo ya ufundi. Lakini mafunzo ya ufundi huhesabiwa kwa miezi 12 tu katika umri wa mtu, na kutafuta kazi kwa juma 6 tu katika mwaka, au 12 ukosefu wa kazi unapozidi. Na hapa pana ajabu: mama amleaye mtoto wake mwenyewe hahesabiwi kuwa anafanya kazi, bali akimlea mtoto wa jirani, na jirani yule amekwenda katika utumishi wa jamii, amefanya kazi kwa mujibu wa sheria.

Neno la tano ni SAA. Mzazi aliye peke yake hutakiwa atimize saa 30 kwa juma; akiwa na mtoto aliye chini ya miaka 6, hutosha saa 20. Baba na mama wakiwa pamoja, hutakiwa saa 35 kwa jumla yao, na 55 wakilipiwa malezi ya watoto na serikali kuu. Hizi ni saa za kipimo cha serikali kuu. Jimbo laweza kumwekea mtu zake. Tena saa 20 za mwanzo lazima ziwe katika zile shughuli zilizo kubwa. Kwa kawaida darasa la Kiingereza peke yake halitoshi kuzijaza, ijapokuwa twaona sisi kuwa mtu asiyejua lugha ya mahali, jambo la kwanza analolihitaji ni lugha. Na saa isiyo na ushahidi ni kama haikufanywa. Ikiwa ulihudhuria siku zote tano na karatasi ikatiwa sahihi siku tatu, umehudhuria siku tatu.

Neno la sita ni KIWANGO. Neno hili halimo katika karatasi ya mzazi, bali ndilo linalomsukuma karani. Serikali kuu hulidai kila jimbo kwamba, katika familia zenye mtu mzima apasaye kufanya kazi, nusu yao watimize saa. Na katika familia zenye wazazi wawili, 90 katika kila 100. Jimbo lisilofikia hupunguziwa fungu. Lakini jimbo hupunguziwa kiwango hicho kwa kadiri majina yalivyopungua katika daftari lake, ijapokuwa hayahesabiwi yale yaliyopungua kwa kubadilishwa masharti ya kuingia. Basi fahamuni maana yake: ofisi hupata nafuu mtu apatapo kazi, na hupata nafuu vilevile mtu atokapo daftarini bila ya kazi. Hatusemi kuwa makarani ni watu wabaya. Twasema kuwa mizani waliyopewa haitofautishi baina ya wawili hawa.

Neno la saba ni ADHABU. Asiyetimiza saa, au asiyehudhuria alipoitwa, hukatwa fedha. Majimbo mengine hukata sehemu, mengine hukata zote, pamoja na riziki ya watoto ambao hawakukosa lolote. Adhabu hii huja kwa barua, na barua hiyo hutaja siku ya mwisho ya kujibu. Mbele ya adhabu iko kinga iitwayo SABABU NJEMA: maradhi, msiba, kukosa gari, na mfano wa hayo, kama jimbo litakavyokubali. Na kinga moja imo katika sheria yenyewe ya nchi, wala haikuachiwa jimbo: mzazi aliye peke yake, mwenye mtoto chini ya miaka 6, akithibitisha kuwa hakupata mtu wa kufaa wa kumlelea mtoto, haijuzu kumwadhibu kwa kutofanya kazi. Kadhalika kila jimbo lapaswa kuwa na njia ya mtu kukata rufani. Hizi si hisani za karani. Ni haki, na haki isiyojulikana haidaiwi.

Neno la nane ni MASURUFU YA WATOTO. Katika kuomba msaada, mama huikabidhi serikali haki ya kumdai baba masurufu ya watoto wake, nayo serikali yaweza kujilipa kwayo fedha iliyozitoa. Mama hutakiwa ataje baba ni nani na asaidie apatikane. Akikataa bila sababu, hupunguziwa si chini ya robo ya msaada. Akiwa anaihofia nafsi yake au watoto kwa ukali wa baba yule, aseme, kwani hiyo nayo yaweza kuwa sababu njema. Na sisi wanaume tulisikie neno hili vizuri: mtu akimwacha mkewe na watoto, akidhani kuwa serikali itawalisha badala yake, serikali hiyo hiyo itamfuata kudai deni.

Neno la mwisho ni KUTOKA. Katika taarifa za ofisi, familia isiyopokea tena husemwa kuwa imetoka, na kutoka huhesabiwa kuwa ni mafanikio. Mwaka 1996, katika kila familia 100 masikini zenye watoto, 68 zilikuwa zikipata msaada huu. Mwaka 2020 zilikuwa 21. Ni kweli kuwa mama wengi waliingia kazini katika miaka ile ya mwanzo, wakafurahi kwa mshahara wao, na hilo hatulikanushi. Kula jasho lako ni utukufu. Lakini hesabu hiyo ni ya familia masikini. Hao 79 waliobaki walikuwa masikini bado, na msaada huu hawana. Kutoka daftarini ni jambo moja, na kutoka katika umasikini ni jambo jingine.

Basi tukusanye. Maneno haya yote twayajua: muda, kazi, saa, sababu, kutoka. Hatari yake ni kule kuyajua, kwani mtu huyapima kwa mizani ya nyumbani kwake, ilhali aliyeyaandika ana mizani nyingine. Neno la kigeni humfanya mtu aulize. Neno alizoealo humpitisha akatia sahihi.

Enyi vijana mlioko huko, ninyi ndio macho ya wazazi wenu. Barua ikija msiisome juu juu mkasema, "Ni ya ofisi tu." Tazameni tarehe, tazameni neno adhabu, mkawafasirie wazee neno kwa neno. Wala msikubali kuwa wakalimani wao ofisini katika mambo mazito. Ombeni mkalimani mtu mzima, msikie naye. Kila karatasi wekeni nakala yake.

Nanyi ndugu tulioko hapa, tunapoandika kuomba fedha za karo au za kuezekea, tukumbuke kuwa huenda anayesoma barua yetu ni mama mwenye dola mia mbili, aliyerejea katika saa zake 30, naye anahesabu miezi iliyobaki. Tumwulize hali yake kwanza.