Tahadhari kwa Akina Mama wa Ngombezi: Mafuta na Sukari Vimezidi

Akina mama wa Ngombezi na Korogwe yote, hili tusingoje mtu aanguke kwanza. Unene uliopitiliza umeshaingia majumbani, na unapokewa kwa shangwe. Mwanamke akijaa mwili baada ya kujifungua, majirani wanamsifu mumewe kwamba anamtunza. Mtoto akiwa kibonge anapokezanwa kila mkono. Nani anauliza presha imepimwa lini?

Takwimu za nchi zinatisha. Utafiti wa kitaifa wa 2004/05 ulikuta asilimia 18 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamezidi uzito. Ule wa 2015/16 ukakuta 28. Huohuo wa pili ulikuta asilimia 34 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa hiyo mama mnene na mtoto aliyedumaa wanaweza kuishi nyumba moja na kula sinia moja la wanga na mafuta matupu.

Zamani mkata mkonge alikuwa na pa kuupeleka mlima wa ugali, kwa kazi ya shamba. Leo hata dukani tunapanda bodaboda, na ugali haujapungua. Juu yake tumeongeza chipsi. Jioni simama kando ya karai utazame: mafuta ya tangu asubuhi yameshakuwa meusi, viazi vinatoka vinachuruzika, kisha vinahamia kikaangoni kwenye mayai na mafuta mengine. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120. Humo vimeingia vingapi?

Soda nayo. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiishia 25 ni bora zaidi. Chupa ya kola ya mililita 350 peke yake ina karibu gramu 37, na hapo chai ya asubuhi na maandazi hatujavigusa. Mtoto asiyetimiza miaka miwili asipewe sukari wala soda kabisa.

Nyuma ya unene huja presha na kisukari. Kwa mjamzito hatari ya kifafa cha mimba inapanda, na mtoto anaweza kukua mno tumboni hadi kuzaliwa kukawa kwa shida.

Wauza majani ya "kukata tumbo" waepukeni. Dawa inayokuharisha inatoa maji mwilini, mafuta yanabaki palepale. Sisemi pia mtu ashinde njaa. Mjamzito na anayenyonyesha wasijinyime, na mtoto asikatiwe chakula. Punguzeni ugali, mboga ijaze nusu ya sahani. Kisamvu, mchunga, mlenda na kunde tunavyo, machungwa yanatoka Muheza hapo tu. Muhogo uchemsheni badala ya kuukaanga. Mtoto aende shule na chupa ya maji, si hela ya juisi ya rangi.

Wiki hii azima futi kwa fundi cherehani, ujipime kiuno kama huna mimba. Kikizidi sentimita 80, nenda zahanati upimwe presha na sukari. Kikizidi 88, nenda kesho. Mtoto mpeleke na kadi yake ya kliniki, apimwe uzito na urefu pamoja.